Bodi Iliyokuwa Ikiongea Peke Yake

Mwakio, mwanangu,

Salamu tuziruke, kwa sababu uko chumba cha juu na ninasikia ukiburuta sanduku badala ya kuliinua. Afya yako naijua. Hali ya hewa ya hapa Cedar Hill ni ile ile uliyoiona ulipotoa takataka jioni. Ukiona mama anamwandikia barua mtu ambaye angeweza kumwita kwa sauti akashuka ngazi, ujue kuna jambo.

Lipo. Jana Jumamosi, ukiwa kazini kwenye bohari, nilifanya jambo linalokuhusu wewe kuliko linavyonihusu mimi. Nitalifikia. Nakuomba usiruke kurasa kulitafuta. Najua tayari umeruka. Rudi hapa.

Nimeandika kwa Kiswahili makusudi. Kiingereza ungekipitia kwa jicho moja huku lingine likiwa kwenye simu. Kiswahili unakisoma kwa midomo, pole pole, kama mtu anayesoma maandishi ya chupa ya dawa, na leo ndivyo ninavyotaka unisome.

Maagizo sina. Baba yako amekagua magurudumu, mafuta ya injini na bima, na nilimwona akikagua hata mkanda wa kiti cha abiria, ambacho ni chake mwenyewe, maana ndiye anayekusindikiza kesho halafu arudi kwa basi. Shangazi yako huko Pearland, kando ya Houston, ameshakuandalia chumba, na kwa kuwa ni nesi, ukipiga chafya mara mbili atakupima presha. Upande wa mwili umelindwa. Mimi nataka tuzungumze kuhusu ubao wa pasi.

Mwaka jana ulirudi kutoka Houston mkesha wa sikukuu ya Thanksgiving. Tulikutarajia na begi moja la nguo chafu, kama watoto wote wa chuo. Nilitoka kukupokea, nikatazama kiti cha nyuma cha gari: blanketi, sufuria, taa ya mezani, na juu ya vyote, ubao wa pasi umelazwa kama mgonjwa. Mtu haji kula bata mzinga kwa siku chache akiwa na ubao wa pasi. Niliuona. Wewe uliona kwamba nimeuona. Nikasema, "Chakula kiko jikoni, kipashe."

Nimelitafakari sana neno hilo. Halikuwa na sura ya kosa. Lilikuwa na sura ya mama mwema anayejali tumbo la mwanawe. Makosa yangu mengi huja yamevaa hivyo, ndiyo maana huwa nayafungulia mlango.

Wiki iliyofuata mimi na baba yako tulikwenda kwenye ushirika wa nyumbani kwa kina Kendi. Unaujua ushirika wetu: familia chache za Kenya, Jumamosi moja nyumba hii, nyingine nyumba ile, wimbo, neno, chai, chapati, halafu kile kipindi ambacho hakimo kwenye ratiba lakini watu huja nacho tayari moyoni, cha watoto wetu wamefika wapi. Mama Kendi akanigeukia, na sauti yake unaijua, imezoea kuita wagonjwa wasiosikia vizuri.

"Na kijana wetu wa Houston?"

"Anaendelea vizuri sana," nikasema. "Mitihani imembana."

Kijana wa Houston wakati huo alikuwa kitandani kwetu, maili tatu kutoka hapo, hajaoga.

Ningeweza kusema sikujua. Kweli ulikuwa hujaniambia. Lakini ubao wa pasi ulikuwa umeniambia. Na nikishasema mtoto wangu yuko Houston, ikabidi awe Houston. Zamu ya ushirika ilipofika kwetu, tulifanya jambo ambalo sidhani kuna Wamarekani wanaweza kulifanya: tulimficha mtoto mkubwa mwenye leseni ya udereva ndani ya nyumba ya baba yake. Baba yako alipeleka gari lako kwenye maegesho ya duka la vyakula, akarudi kwa miguu kwenye barabara isiyo na njia ya miguu. Nilikupandishia sahani yako juu, na chupa ya maji, nikakuambia usivute maji chooni mpaka wimbo uanze.

Tulicheka siku hiyo, mimi na wewe, kwenye ngazi. Nataka ukumbuke kwamba tulicheka. Lakini nilipokuwa nashuka niligeuka, nikakuona ukifunga mlango wa chumba chako mwenyewe bila sauti, kwa kuzungusha kitasa kama mwizi, na kicheko kikaniishia pale pale.

Na unakumbuka uliangusha kitu katikati ya maombi. Mpaka leo hujaniambia kilikuwa nini. Watu wote walifumbua macho.

"Ni AC," nikasema.

Kati ya watu wote, aliyekuwa ameketi karibu na ngazi alikuwa Baba Kendi, ambaye kazi yake ni kutengeneza AC.

"Mama Mwakio, hiyo si sauti ya AC."

"Ya kwetu ni ya zamani."

"Ya zamani hulia. Hiyo imeanguka. Wacha nipande niangalie, mara moja tu."

"Baba Kendi, keti, chapati zinapoa."

"Chapati zitangoja. AC ya Texas haingoji."

Nilimshika mkono wa shati, Mwakio, mwanaume wa watu, mbele ya mke wake na mbele ya Bwana. Akaketi. Akanitazama kidogo, akachukua chapati.

Sasa nikuambie nilikojifunzia ufundi huo, kwa sababu hukuzaliwa bado. Nilipokuja nchi hii nilikuja kuwa nesi. Mama yangu kule Taita alishawatangazia watu wa kanisa lake, na alipokuwa akinitaja alikuwa akinyoosha mgongo. Nilifanya mtihani wa leseni, nikaanguka. Nikafanya tena, nikaanguka tena. Aliponipigia simu nilimwambia mtihani umeahirishwa. Mwezi mwingine, umeahirishwa. Kwa hesabu yangu jimbo zima la Texas halikumpima nesi hata mmoja kwa karibu miaka miwili. Mwishowe akaniuliza, kwa upole sana, "Kwani hao Wamarekani hawana mpangilio kabisa?"

Niliposikia vile nilijua anajua. Na yeye alijua kwamba nimejua. Tukahamia kwenye habari za mvua. Hakuuliza tena hadi alipofariki, na mimi nikaendelea kuosha na kulisha wazee majumbani mwao, kazi ninayoipenda, ambayo sikuwahi kumweleza mama yangu kwamba naipenda, kwa sababu kwenye simu mimi nilikuwa bado nangoja mtihani. Nilidhani kunyamaza kwake ni upendo. Kulikuwa upendo. Lakini kulinifungia chumbani miaka yote ile, na nilipoona ubao wa pasi nikakufungia na wewe, nikidhani nakufunika blanketi.

Basi tuje kwenye bodi, maana najua hii ndiyo sehemu utakayoisoma bila kusukumwa.

Ile bodi alinipa mzee niliyekuwa nikimhudumia kule Duncanville, fundi wa mitambo aliyestaafu. Wanawe walipokuwa wakimhamisha Januari alinipa sanduku la waya, na chini kabisa bodi ya kijani isiyozidi kiganja. "Ni kompyuta nzima," akaniambia. "Prosesa yake ni PowerPC. Ukiiwekea Linux, itakuzika." Nilidhani anamaanisha itadumu. Sasa nafikiri alimaanisha nitakufa nikijaribu.

Unajua mimi kompyuta sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kufungua zile ambazo watu walishakata tamaa nazo. Laptopu za nusu ya kanisa letu zilikufa na Windows zikafufuka na Linux, mfumo usiolipiwa, mezani pangu, kwa hiyo niliingia kwenye hii kwa kiburi. Nikachukua kadi ya kumbukumbu, nikaandika ndani yake Linux ile ile ninayowawekea wote, nikaichomeka, nikawasha. Taa moja nyekundu. Basi. Nikazima, nikawasha. Taa nyekundu. Majuma nilifanya hivyo, kila nikitoka kazini, na kila siku niliamini kidogo zaidi kwamba nimepewa maiti.

Ulikuwa ukishuka jikoni kuchukua nafaka za boksi na maziwa, saa ambazo ulidhani hakuna mtu. Siku moja ukasimama nyuma yangu na bakuli. Mengi uliyosema siku zile ulisema kwa Kiingereza. Nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu barua ni yangu.

"Mum, hiyo Linux ni ya prosesa za laptopu. Hii ni ukoo mwingine. Haielewi hata neno moja."

"Kwani Linux si Linux?"

"Ni kama kumpa shosho wa Meru Biblia ya Kijaluo. Ni Biblia, sawa."

Nikasogeza kiti cha pili pole pole, kwa sababu ulikuwa umeongea sentensi tatu mfululizo na sikutaka kuzitisha.

Jioni iliyofuata tulitafuta pamoja. Karibu wote waliokuwa wakitengeneza Linux ya PowerPC walishaacha. Tukakuta kikundi kidogo cha watu wa kujitolea, sijui wako nchi gani, bado wanaitengeneza, na mmoja wao aliandika chini ya ukurasa kwamba wataendelea hadi mashine ya mwisho izimike. Nilimpenda mtu huyo kama ndugu. Tukaandika kadi upya. Taa nyekundu. Hakuna kingine.

"Imekufa," nikasema.

"Unangoja uone nini?"

"Nangoja ifanye kitu."

"Haina pa kuchomeka skrini, Mum. Labda inafanya."

Ukanionyesha pini tatu pembeni, ambazo mimi nilidhani ni mapambo. Moja ya kusema, moja ya kusikia, na ya tatu ni ya ardhi, ili wanaozungumza wapimie kutoka usawa mmoja. Bodi kama hii, ukasema, huwa inaeleza kila inachofanya tangu sekunde umeme unapoingia, lakini inaelezea kwenye hizo pini tu. Tukaagiza kebo ya kuunganisha pini hizo na laptopu yangu. Ilipofika tulichomeka, tukawasha, tukakodoa macho kwenye skrini nyeusi. Kimya.

Ilikuwa Jumapili mchana. Baba yako alikuwa zamu hospitalini, kule mapokezi. Mimi sikwenda kanisani. Niliwaambia nina mafua, uongo mdogo ambao ukilinganisha na ule mwingine ulikuwa karibu ushuhuda. Ukazitazama waya kwa muda mrefu, halafu ukacheka kwa pua.

"Tumeunganisha kusema na kusema. Na kusikia na kusikia."

"Kama kamati ya harusi," nikasema.

Ukazipishanisha. Ya kusema ikaenda kwenye ya kusikia, ya kusikia ikaenda kwenye ya kusema. Tukawasha. Zikaja alama za ovyo, mikwaju na viulizo, kama mtu anayeongea na chakula mdomoni. "Inaongea kwa kasi tofauti na tunavyosikiliza," ukasema, ukabadilisha tarakimu mahali fulani, ukawasha tena.

Maneno yakaanza kushuka. Mistari safi, mmoja baada ya mwingine. Ilisema imeamka. Ikataja kumbukumbu yake, ikataja kadi. Ikasema imetafuta kiini cha mfumo kwenye kadi, mahali ilipofundishwa kutafuta, haikukiona. Ikasema inajaribu kwenye mtandao. Ikasema hakuna anayeijibu kwenye mtandao. Inaanza upya. Halafu ikaanza upya, ikasema yote tena, kwa adabu ile ile, bila kupandisha sauti.

"Imekuwa ikisema hivi tangu Januari?" nikakuuliza.

"Kila ukiiwasha."

Ukaendelea kutazama skrini. Mistari ikashuka, ikafika mwisho, ikaanza tena. Nilitaka kuinuka niweke chai, kwa sababu mwili wangu unajua wakati mambo yanakaribia na hupenda kuwa jikoni. Sijui ni nini kilichonikalisha. Ukasema bila kugeuka:

"Mimi nilikuwa napark tu."

"Ulikuwa unapark wapi?"

"Chuoni. Kila siku. Natoka kwa mjomba kule Katy asubuhi, naendesha njia yote ile, nafika, napark. Nakaa ndani ya gari. Nakula sandwichi yangu. Jioni narudi, anti ananiuliza siku ilikuwaje, namwambia ndefu."

Kulikuwa na mambo mengi mdomoni mwangu. Kwa nini hukutuambia. Mjomba wako alikuwa anafanya nini. Je, wajua tulivyojinyima. Yote yalikuwa yamepanga foleni. Nikasema, "Halafu?"

"Nilifeli jaribio moja. Nikakosa darasa moja. Halafu nikaona aibu kuingia lililofuata, kwa sababu nilikosa lile moja."

"Halafu?"

"Halafu ikawa ndiyo maisha."

Hiyo "halafu" ndiyo hekima pekee niliyowahi kuwa nayo kama mzazi, na niliipata kwa sababu ya kushindwa kuchagua la kusema. Baadaye nimeitumia kwa wazee wangu kazini na kwa baba yako, na haijawahi kuniangusha. Ukipata watoto, nakupa bure.

Tulilia kidogo, tukapika mayai. Usiku baba yako aliporudi ulimwambia mwenyewe, umesimama pale mlangoni. Akakaa chini na viatu vya kazi miguuni, akauliza kama ulikuwa unakula vizuri ndani ya hilo gari. Ndivyo alivyo. Anaanzia tumboni, halafu anapanda.

Kusakinisha kwenyewe kulituchukua muda kuliko kusema ukweli. Ulikuta kwamba kiini kilikuwepo kwenye kadi, ila kwa jina ambalo bodi haikufundishwa. Tulipokipa jina lake, kikaamka na kufia katikati, kwa sababu kilikosa lile faili dogo linaloeleza bodi hii ina nini na nini, mtandao uko wapi, kadi iko wapi; bila hilo, kiini kinaamka kwenye nyumba yenye giza na hakijui mlango uko upande gani. Ulilitafuta kwa siku nyingi, ukaliandika nusu yake mwenyewe. Halafu ikakataa kupakua programu kutoka mtandaoni, na mimi ndiye niliyegundua sababu, usinipokonye hilo. Saa yake haina betri. Kila ikizimwa inarudi mwaka wa 1970, na vyeti vyote vya usalama vya mtandao ikaviona ni vya siku zijazo, ikavikataa kama karani mkali. Tukaipa tarehe ya leo kwa mkono, ikakubali dunia.

Siku moja bodi ikafika mwisho wa mistari yote bila kuanza upya, ikasimama kwenye neno moja na kialama kinachopepesa, ikingoja mtu aandike jina lake. Tulimwita baba yako aje aone.

"Na inafanya nini?" akauliza.

"Inauliza jina," ukamwambia.

"La nani?"

"La yeyote atakayekuja."

"Mimi nauliza watu majina zamu nzima na hakuna anayeniitia watu waje kuona."

Basi ndani ya nyumba tulirekebisha. Ukapata kazi ya bohari, ukachagua kozi fupi ya elektroniki badala ya ile ndefu tuliyokuchagulia kwa sababu ilisikika vizuri ikitangazwa. Lakini nje, Mwakio, tuliacha vilevile. Kwa ushirika wetu hukuwahi kurudi. Ulikuwa Houston tangu mwanzo, umebanwa na mitihani. Wewe hukuuliza, mimi sikusema, na gari likaendelea kwenda dukani kila zamu yetu ilipofika.

Na sasa unaondoka kwenda Houston kweli. Unaona jinsi ilivyo tamu? Nilikuwa nimekaa kimya, na kesho, bila mimi kuinua kidole, uongo ungegeuka kuwa ukweli. Hakuna ambaye angejua kamwe. Nilifurahia jambo hilo kwa majuma mawili hivi, kama mtu aliyepata maegesho mbele ya mlango.

Jana zamu ilikuwa yetu. Ulipotoka kwenda kazini ulinikumbusha mwenyewe, kwa wema kabisa, kwamba ungekaa huko mpaka watu waondoke. Ulisema kama mtu anayesema atapitia mkate. Nilikanda unga wa chapati nikiirudia sentensi hiyo. Tulipofika kwenye maombi, Mama Kendi akasema, "Tumkumbuke kijana wetu wa Houston, sasa anakaribia kumaliza."

Nikasema, "Hamalizi. Anaanza."

Wakadhani nimekosea. Nikawaambia. Sikuwaambia mambo ya gari na sandwichi, hayo ni yako na hayatatoka kwangu. Niliwaambia uliacha chuo ukarudi nyumbani, kwamba umekuwa hapa juu ya vichwa vyao muda wote, na kwamba aliyekuweka huko juu ni mimi, kwa sababu niliona haya mbele yao. Nilisema mbele yao nikiwatazama.

Halafu Baba Kendi akasema, "Nilijua si AC."

"Baba Kendi," mke wake akamwambia.

"Si nasema tu. Na gari nimeliona pale dukani mara nyingi. Nilifikiri kijana ameajiriwa pale. Nikasema, sawa, anajituma."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, na Mama Kendi hakucheka. Alinitazama akasema, "Ulituogopa hivyo?" Nilimwambia ndiyo. Alichukua kikombe changu akaenda kunijazia chai, akakaa huko jikoni muda mrefu kuliko chai inavyohitaji. Sijui bado kama amenisamehe. Hilo ni langu na yeye, tutalimaliza.

Lako ni hili. Sikukuuliza. Uongo ulikuwa wangu na nilikuwa na haki ya kuurudisha, lakini haukuweza kutoka mlangoni bila kubeba kipande cha maisha yako, na hicho hakikuwa changu. Nilipaswa kukungoja urudi kazini, nikuulize. Sikukungoja kwa sababu nilijua nikikungoja mpaka jioni nitapoa, nitaona kwamba tunaweza kunyamaza tu, na tungenyamaza. Nimemwomba Mama Kendi asimwambie Kendi hadi nikuambie kwanza. Amenipa mpaka kesho mchana, na kwake yeye hiyo ni subira ya mwaka mzima.

Nilifanya hivyo kwa sababu ya Oktoba. Si ile iliyopita, hii inayokuja. Niliwaza: itafika Oktoba, huko Pearland, atafeli jaribio moja. Kila mtu hufeli jaribio moja. Na nyuma yake kutakuwa na nyumba nzima ya watu wanaoamini hajawahi kufeli chochote, na mama aliyetumia mwaka kulinda imani hiyo. Mtu kama huyo ataegesha wapi? Sikutaka urudi Houston ukiwa umebebeshwa kijana ambaye mimi ndiye niliyemtunga. Ni mzito yule. Hajawahi kukosa darasa.

Kwa hiyo watu wanajua. Utapokea ujumbe, mwingine wa kijinga. Baba Kendi anataka kukupa kazi ya likizo. Wengine watakuombea kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika. Inawezekana ukisoma hapa una hasira nami, na hasira hiyo ni ya haki. Sikuombi uimeze kwa sababu ni siku ya safari na kwa sababu mimi ni mama yako. Kitu ninachokiogopa ni kimoja: kwamba utashuka ngazi kesho, utanikumbatia vizuri, utasema "It's fine, Mum," na uondoke na hasira yako mpaka huko.

Baba yako alipanga mwondoke alfajiri kabla barabara ya Houston haijajaa. Nimemwambia hamtaondoka alfajiri. Hakuuliza sababu, ameenda kuloweka maharagwe ya kiamsha kinywa, kumaanisha ameelewa kwamba asubuhi itakuwa ndefu. Nitakuwa mezani. Kuna wakati wa kutosha wewe kukasirika kabisa, hadi mwisho, na bado mfike Pearland jua likiwa juu.

Mama yako